Maneno 1,000 kwa siku yananishinda: je, sina nidhamu?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka sita. Tarehe 2 Januari nilianza kuandika riwaya. Nilijiwekea lengo la maneno 1,000 kila siku, naamka saa 10 alfajiri kabla nyumba haijaamka, naandika kwenye simu. Wiki ya kwanza nilienda vizuri. Shule zilipofunguliwa nikaruka siku mbili, nikajiahidi kufidia Jumamosi kwa maneno 3,000. Jumamosi ikatokea msiba, nikakata tamaa. Tangu hapo nimeanza upya mara nne. Nimesoma kwamba jambo ukilifanya siku 21 linakuwa mazoea. Mimi sijawahi kuvuka siku 12. Kila nikianza upya narudi sura ya kwanza, kwa hiyo nina sura tatu nilizoziandika mpaka nimezichoka. Niweke maneno mangapi kwa siku? Nipime kwa maneno au kwa muda? Au nikubali tu kwamba sina nidhamu?*

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Mtu asiye na nidhamu haanzi jambo lilelile mara tano. Ninachokiona katika maelezo yako ni lengo lililopangwa wakati wa likizo, kisha likapelekwa kwenye wiki za kazi bila kupunguzwa hata neno moja. Tarehe 2 Januari shule zilikuwa bado zimefungwa: hakuna andalio la somo, hakuna madaftari ya kusahihisha, na mchana ukichoka unajinyoosha kidogo. Wiki ile ndiyo uliyoifanya kipimo chako, na kila wiki iliyofuata ukaihukumu kwa kipimo hicho.

Tupige hesabu. Mtu anayebuni hadithi, na bado ni mgeni katika kazi hiyo, mara nyingi hutoa maneno 300 hadi 500 kwa saa. Anayeandika kwa kidole gumba kwenye simu hukaa upande wa chini wa makadirio hayo. Maneno 1,000 basi ni saa mbili za siku nzuri, na zaidi ya saa tatu za siku ya kawaida. Ukiamka saa 10 alfajiri na watoto wakaamka saa 12, hata siku nzuri inakutosha kwa shida. Bado sijagusa usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba, kwa hiyo ili uamke saa 10 ilipaswa uwe umelala saa 3 usiku, na sidhani kama nyumbani kwako saa 3 vyombo vimekwisha kuoshwa. Lengo lako lilikuwa likilipiwa kwa usingizi, na usingizi ukipungua, vinavyotangulia kuondoka ni umakini na subira. Huwezi kuandika bila hivyo viwili.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandika kwa Kiswahili hawaambiwi. Idadi nyingi za maneno kwa siku zinazozunguka mitandaoni zimetoka kwa waandishi wa Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, hivyo maneno 1,000 ya Kiswahili yana hadithi nyingi ndani yake kuliko 1,000 ya Kiingereza. Ukichukua lengo la mwenzako wa lugha hiyo kama lilivyo, umejibebesha mzigo mzito kuliko wake.

Hata hao wanaotajwa kama mifano wana mambo yao yasiyosimuliwa. Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Posta na papo hapo mtunzi wa riwaya nyingi, alieleza katika tawasifu yake iliyotoka 1883 kwamba saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa ya mfukoni mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Watu hupenda kuishia hapo. Tawasifu hiyohiyo inasema alikuwa na mtunza farasi mzee, aliyelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka, kazi yake kumwamsha na kumletea kahawa. Wewe chai unaichemsha mwenyewe.

Sasa hizo siku 21. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz wa Marekani, aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua walau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Neno "walau" likadondoka njiani, na suala la sura likageuka kuwa kanuni ya kila jambo. Utafiti unaofaa zaidi ulitoka University College London mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifuatilia kwa wiki 12. Kadirio la kati la muda wa jambo kuwa la kujiendea lenyewe lilikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Wenye jambo jepesi, kama kunywa glasi ya maji, walifika mapema. Wenye mazoezi walichelewa. Na hapa kuna habari njema kwako: kuruka siku moja hakukuharibu mwendo wa mazoea kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo zile siku mbili ulizoruka hazikukuharibia kitu. Kilichokuangusha ni ile ahadi ya maneno 3,000.

Tusiupe utafiti huo uzito usio wake. Hakuna aliyekuwa akiandika riwaya mle. Kubuni tukio, kuchagua nani aseme nini, hayo hayatakuwa ya kujiendea hata baada ya miaka kumi. Kinachoweza kuwa mazoea ni kukaa chini na kufungua ukurasa, basi. Ndiyo maana nakushauri utenganishe vitu viwili ulivyovifunga pamoja: mazoea ya kukaa, na idadi ya maneno. Kwa wiki kadhaa za kwanza hangaika na la kwanza tu.

Mazoea hujengwa juu ya kichocheo, yaani tukio linalokuambia "sasa". Wewe ulichagua saa, na saa ni kichocheo dhaifu kwa mtu mwenye watoto. Mtoto akiumwa usiku, saa 10 inapita ukiwa umembeba. Ukiwa mtu wa kufunga, Ramadhani ikiingia ratiba yote inageuka. Tukio linalotokea kila siku, hata likisogea, ni imara zaidi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amekuwa akionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mpango wa aina ya "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa kuliko nia ya jumla ya "nitajitahidi". Kwako wewe naona tukio moja lililo wazi: kengele ya kutoka. Ikilia, wanafunzi wanaondoka, darasa linabaki tupu. Mpango wako uandike hivi: "Kengele ya kutoka ikilia, nafunga mlango wa darasa, nakaa dawati la nyuma, nafungua daftari la kijani, naandika dakika 25." Kila kipande kina kazi yake. Ni darasani, wala si ofisini kwa walimu, kwa sababu ofisini utaulizwa kuhusu ratiba ya mitihani. Ni dawati la nyuma kwa sababu meza yako ina madaftari ya kusahihisha na yatakuita. Ni daftari moja lenye rangi yake ili usianze kulitafuta.

Kama darasani haiwezekani, chukua tukio la nyumbani: watoto wakishalala na mlango wa nje ukishafungwa. Tatizo la usiku ni kwamba uchovu umekwisha kukutangulia, kwa hiyo punguza ziwe dakika 15. Na waambie wa nyumbani kwa lugha iliyo kamili. "Naomba mniache niandike" haina mwisho, ndiyo maana watu huikatiza. "Mpaka simu yangu ilie" ina mwisho, na hata mtoto wa miaka sita anaielewa.

Idadi ya maneno usiipange kwa kukisia. Ipime. Fanya vikao kumi vya dakika 25, siku tano kwa wiki, na kila kikao andika pembeni umetoa maneno mangapi, bila kujilazimisha. Tuseme umepata 210, 340, 120, 265, 90, 180, 305, 150, 240 na 400. Yapange kutoka dogo hadi kubwa, kisha chukua la tatu kutoka chini. Hapo ni 150. Hicho ndicho kima chako cha chini: kiasi ambacho siku zako nane kati ya kumi zilikifikia, zikiwemo zilizokuwa mbaya. Wastani wako ni 230, na najua utashawishika kuuchukua huo. Usifanye hivyo. Lengo la wastani maana yake ni kushindwa karibu nusu ya siku zako, na mtu anayeshindwa nusu ya siku huacha.

Utasema maneno 150 ni kidogo mno. Kwa siku tano za wiki, kima cha chini kinakupa maneno 750, na wastani wako 1,150. Riwaya ya maneno 40,000 ni kitabu cha kawaida kabisa kwetu; utakimaliza kwa wiki 35 ukienda kwa wastani, au wiki 54 ukibaki kwenye kima tu. Tangu Januari umeanza mara tano na una sura tatu.

Kima kikishikika walau siku nne kati ya tano, kwa wiki nne mfululizo, kipandishe kidogo, kutoka 150 hadi 180, kisha subiri tena wiki nne. Likizo ya Juni ikifika, andika mengi kadiri unavyotaka, lakini kima usikiguse.

Uliuliza maneno au muda. Kwa wiki mbili hizo za kupima, ni muda. Baadaye, unapoandika rasimu mpya, maneno ni bora, kwa sababu muda unaweza kwisha ukiwa unatazama dirisha. Ukifika hatua ya kuhariri rudi kwenye muda, kwa kuwa siku ya uhariri mzuri huenda ikapunguza maneno 200, na kwa hesabu ya maneno utaonekana umeshindwa. Siku ya kutafiti (umekwenda kuuliza mahari hupangwaje upande wa wahusika wako) nayo ipimwe kwa muda, isizidi moja kwa wiki. Utafiti ni mahali pazuri sana pa kujificha.

Kuhusu kufidia: usifidie, hata maneno kumi. Siku iliyopita imepita na maneno yake. Ukiyahamishia kesho, kesho inakuwa na mzigo mara mbili kwa mtu yuleyule aliyeshindwa mzigo mmoja, na akishindwa tena keshokutwa inakuwa mara tatu. Hilo ni deni lenye riba, na dawa pekee ya deni la aina hiyo huwa ni kukimbia. Wewe ulikimbia, kama ambavyo wengi wangefanya. Ndiyo sababu nimesema siku tano kwa wiki badala ya saba. Mbili ni za akiba, na usizipangie majina mapema. Wiki hii msiba utachukua Jumanne, wiki ijayo mtoto atachukua Alhamisi, na hesabu yako bado iko sawa. Ukiruka siku zote tano, kikao cha kurudi kiwe sentensi tatu tu. Sentensi tatu, funga, nenda.

Sasa sura zako tatu. Hapa ndipo naona kazi yako nyingi imepotelea, kuliko kwenye nidhamu. Ukikaa siku kumi bila kuandika, hadithi inapoa kichwani. Ili uipashe moto unasoma tangu mwanzo. Ukisoma unaona makosa, unayarekebisha, dakika zinaisha, na ukurasa mpya haujaguswa. Kikao kijacho, hivyohivyo. Kuandika rasimu na kuhariri ni kazi mbili zinazogombana: ya kwanza inataka uvumilie sentensi mbovu, ya pili inataka usiivumilie. Ukizifanya katika kikao kimoja, mhariri hushinda, kwa sababu kukosoa kilichopo ni rahisi kuliko kuleta kisichokuwepo.

Kwa hiyo sura tatu zihamishie kwenye faili lake na usilifungue mpaka rasimu nzima iishe. Anza sura ya nne, hata kama unajua ya pili ina kasoro. Ukigundua katikati ya sura ya sita kwamba mjomba anapaswa kuwa baba mdogo, usirudi nyuma kubadilisha. Kwenye kurasa za mwisho za daftari andika "Kuanzia sura ya 6 ni baba mdogo, rekebisha sura 1 hadi 5", kisha endelea kana kwamba amekuwa baba mdogo tangu mwanzo. Ukikwama kwa jina la mtaa au bei ya nauli, weka ANGALIA kwa herufi kubwa na upite. Mfano: "Alimpa kondakta ANGALIA NAULI, akashuka kabla gari halijasimama." Neno hilo utalitafuta siku ya kuhariri na kuyajaza yote kwa mkupuo.

Na namna ya kumaliza kikao ina uzito kuliko namna ya kukianza. Usisimame pale ulipoishiwa. Simama ukiwa bado unajua kinachofuata, kisha acha ujumbe wa mstari mmoja: "Kesho: Zuhura anakuta stakabadhi ya rehani kwenye koti, lakini anamsikia mumewe akifungua geti." Kesho yake soma mstari huo na aya ya mwisho tu, halafu andika. Hutahitaji kurudi sura ya kwanza kuipasha moto.

Simu nimeikwepa kwa makusudi. Inafaa, wapo wanaomaliza vitabu vizima juu yake, lakini ujumbe wa kundi la wazazi nao unaingia humohumo. Ukibaki nayo, zima data kabla ya kuanza, na kila Ijumaa jitumie nakala kwa barua pepe. Simu ikiibiwa na rasimu pekee iko ndani, hakuna ratiba itakayokurudisha mezani. Daftari halina habari na umeme kukatika. Kuhesabu maneno yake ni rahisi: hesabu maneno ya mistari mitano, gawa kwa tano, zidisha kwa mistari ya ukurasa. Mistari mitano ikiwa na maneno 40, wastani ni manane kwa mstari, na ukurasa wa mistari 25 una maneno 200 hivi. Kima chako basi ni robo tatu ya ukurasa. Gharama yake ni kwamba siku moja utalazimika kuyachapa yote, ingawa kuchapa huko huwa ndio uhariri wa kwanza.

Weka rekodi ya namba kwenye kalenda ya ukutani, na uitazame mara moja kwa wiki. Programu zinazohesabu siku mfululizo sizipendi kwa mtu mwenye historia kama yako. Zikionyesha 47 zinakupa raha, siku ya 48 ukikosa zinarudi sifuri, na wewe tayari una ugonjwa wa kuanzia sifuri.

Kuandika kila siku pia si lazima. Wauguzi wa zamu, madereva wa safari ndefu na wafanyabiashara wa mnada wanaozunguka na siku za soko hawana siku zinazofanana, na vikao viwili vya saa mbili kwa wiki huwafaa zaidi. Hasara yake ni hadithi kupoa katikati, hivyo ule mstari wa "Kesho" unakuwa wa lazima. Kwako nashikilia siku tano, kwa sababu ajira yako ina kengele. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kuanzia 1926, akianzia forodha, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyatunga akiwa na ajira. Ratiba ya ofisi haikumzuia, na ya shule inaweza kukusaidia.

Jipe wiki kumi. Vikao vikishikika lakini hadithi haisogei, unaandika 150 na kuzifuta kila siku, shida haiko kwenye mazoea tena bali kwenye mpango wa hadithi. Tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso: mhariri, mwalimu wa fasihi wa sekondari ya jirani, au wenzako wawili watatu wanaoandika, mkutane mara moja kwa mwezi kila mtu na kurasa tano. Ukipata ganzi vidoleni, maumivu ya kifundo cha mkono au kichwa kuuma kila baada ya kuandika kwenye simu, pumzisha simu na umwone mtaalamu wa afya au wa macho. Na kama uchovu huu hauko kwenye riwaya peke yake, hamu ya kula imepotea, usingizi hauji hata ukiwa na nafasi, mambo uliyoyapenda hayakuvutii kwa wiki mbili au zaidi, hapo weka kalamu chini kwanza na uende kituo cha afya ukazungumze na daktari, umweleze yote, na saa unazolala usizifiche.